Guangzhou Bila Orodha ya Mzigo!

Rafiki yangu, kaa chini nikwambie, maana mimi mwenyewe kukaa siwezi! Nimetoka Guangzhou. Miguu inawaka, soli za raba zimeisha, simu imejaa picha mpaka imegoma, na mdomo wangu haujafungwa tangu uwanja wa ndege. Hivi wewe umeshasikia mara ngapi mtu wa Kariakoo au wa Eastleigh akisema yuko China? Kontena, wakala, sampuli, bei ya jumla, viatu, mapazia, vioo vya simu, nenda rudi, basi! Miaka yote hiyo mji mzima tumeufanya stoo. Hakuna aliyeniambia habari ya chai. Hakuna aliyeniambia habari ya miti. Hakuna, narudia, hakuna aliyenitonya kwamba saa moja asubuhi bibi wa miaka sabini na ushee anapiga danadana kwa kisigino huku anapiga soga! Nimewakasirikia wote, na furaha niliyonayo haipimiki.

Nilikwenda peke yangu, na siku ya kwanza nikajiwekea sharti moja tu: leo siingii soko la jumla, sibebi oda ya mtu, siulizi bei ya dazeni. Ni kutembea tu. Saa za kule zinatangulia za kwetu kwa tano, kwa hiyo kunapokucha Guangzhou, Dar es Salaam bado ni usiku wa manane, na mwili ulikuwa na kila haki ya kugoma. Haukugoma! Nilivuta pazia nikaona joto la mwezi wa sita limeshatanda juu ya mapaa, mibuyu ya kule sijui niiite nini, hapana, si mibuyu, ni ile miti mikubwa jamii ya mkuyu yenye mizizi inayoning'inia hewani, imejibana katikati ya maghorofa marefu, na chini yake pikipiki za umeme zinapita kimya, kimya kabisa, bila mlio wowote. Nikavaa chapuchapu nikatoka.

Kwanza kabisa, bustani ya Yuexiu. Ukienda, nenda mapema, nakuomba. Ni vilima, ngazi za mawe, maziwa madogo, vivuli vizito, na watu! Wazee wamejaa tele. Huku wanacheza tai chi taratibu mno mpaka unajikuta unapumua nao. Kule bwana mmoja kavaa fulana nyeupe, kashika brashi ndefu ya kufikia chini bila kuinama, anachovya kwenye ndoo ya maji, anaandika maandishi makubwa mazuri ajabu juu ya sakafu ya mawe, na jua linayafuta kabla hajamaliza mstari, na yeye anaendelea tu, hana habari. Halafu hao wa danadana! Wanasimama duara, watu watano sita, wanarushiana kidude chenye manyoya juu na visahani vyembamba chini, kinalia cha-cha-cha kila kikiguswa, kwa kisigino, kwa goti, kwa upande wa kiatu, nyuma ya mgongo bila kuangalia! Mama mmoja akanikonyeza, akanirushia. Mguu wangu ukajibu wenyewe, nikakirudisha, duara zima likapiga kelele, na kuanzia hapo nilikuwa mwenyeji. Hatukuelewana hata neno moja. Hatukuhitaji.

Juu ya kilima wapo mbuzi watano wa mawe, sanamu kubwa iliyosimamishwa mwaka 1960, na kila mgeni anapiga picha hapo. Hadithi yake tamu sana: watu watano wa mbinguni walishuka wamepanda mbuzi, mbuzi wamebeba masuke ya nafaka mdomoni, wakawapa wenyeji na kuwaombea wasije wakaona njaa. Wao wakaondoka, mbuzi wakabaki mawe. Na dua hiyo, rafiki yangu, ilipokewa! Mji huu unakula! Unakula asubuhi, unakula mchana, unakula saa sita usiku barabarani kwenye viti vya plastiki, na bado!

Sasa tulia nikusimulie chai. Ukisikia mtu wa Guangzhou anakwenda kunywa chai asubuhi, usifikirie kikombe na andazi. Ni shughuli! Niliingia ukumbi mkubwa, kelele za furaha zimejaa mpaka darini, familia za vizazi vitatu zimezunguka meza za duara, mabuli yanapishana, mvuke, vicheko, watoto chini ya meza. Mhudumu akanikalisha, akaniuliza nataka chai gani, nikanyoosha kidole tu, likaja buli. Nikataka kumimina ninywe. Babu wa meza ya jirani akanizuia kwa mkono, kwa upole mwingi, akachukua chai ya kwanza akaisuuzia kikombe changu, bakuli langu, kijiko, na vijiti vyangu, akamwaga maji yote kwenye bakuli kubwa la pembeni, ndipo akanimiminia. Ndivyo wanavyofanya wote! Halafu ukimiminiwa hushukuru kwa mdomo, unagonga meza kwa vidole viwili, ko-ko, basi. Nilifurahia huo ugongaji wa vidole kupita kiasi, nikawa nagonga kila mhudumu akipita karibu, hata asiponimiminia chochote.

Na vikapu! Vikapu vidogo vya mianzi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, unafunua kifuniko mvuke unakupiga usoni, ndani kuna kamba. Kamba wa pinki waliofungwa ndani ya ngozi ya unga nyembamba inayoonyesha ndani, laini, inateleza, ukiuma inakatika pwa! na maji matamu ya bahari yanajaa mdomoni. Nilifumba macho hadharani. Ikaja shuka ya mchele iliyokunjwa, nyeupe, inang'aa, inatetemeka kwenye sahani, imemwagiwa sosi ya soya, ukiishika kwa vijiti inakimbia, ukiikamata inayeyuka. Ikaja miguu ya kuku! Ndiyo, miguu ya kuku, ile ile tunayoitafuna Manzese, ila hii imekaangwa kisha ikapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachuliwa mpaka ngozi inavuliwa kwa ulimi tu. Nikamaliza na vikeki vidogo vya yai, ganda linavunjika kwa safu safu, katikati ni manjano, moto, panatetemeka. Nikasema nimeshiba. Babu wa jirani akanisukumia kikapu chake kimoja. Ko-ko!

Tahadhari ndogo kwa ndugu zangu Waislamu: nguruwe yumo kwenye vikapu vingi, tena kajificha mahali usipomtarajia. Lakini usikate tamaa, maana mji umejaa migahawa ya Waislamu wa China, vibao vya kijani na maandishi ya Kiarabu, na dirishani amesimama kijana anavuta unga kwa mikono, anaupiga mezani, anaukunja, anauvuta tena, tambi zinazaliwa moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane, mpaka ni nyuzi, zinatupwa kwenye supu ya ng'ombe yenye bizari na giligilani, na inakuja mbele yako ikiwa bado inachemka. Hicho kilikuwa chakula changu cha mchana. Nitakwenda kuolewa na dirisha lile.

Kwa Uislamu huo huo, pita barabara ya Guangta, tafadhali, usinipinge. Pale pana Huaisheng, mojawapo ya misikiti mikongwe kabisa China nzima, na mapokeo ya Waislamu wa kule yanauhusisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Mimi si Muislamu kwa hiyo niliishia langoni, lakini mnara wake unaonekana vizuri kutoka nje: mweupe, mviringo, laini, hauna hata roshani moja ya Kichina, umechomoza juu ya majani peke yake. Zamani mto ulikuwa karibu zaidi na mabaharia waliutazama mnara huo kujua wamefika bandarini. Nilisimama pale nywele zikanisimama! Kwa sababu mji huu ulikuwa unapokea majahazi ya Waarabu na Waajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kaure ya Kichina ilivuka Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Nenda Kilwa Kisiwani, nenda Gedi, vipande vyake vimechimbuliwa ardhini. Sisi na Guangzhou hatukuanza na makontena, jamani!

Kuhusu kuzunguka mjini, sitakuchosha. Treni ya chini ya ardhi ipo tangu 1997, inafika kila pembe, ina baridi tamu inayokukausha jasho papo hapo, begi lako linapita kwenye mashine kabla hujaingia, na tiketi yake ni kiduara cha plastiki, unakigusisha ukiingia na kukitumbukiza kwenye tundu ukitoka. Nilitaka nikiibe kiwe kumbukumbu. Sikukiiba, geti halifunguki bila hicho. Matangazo ya ndani yanakuja kwa Kimandarini, Kikantoni na Kiingereza, na ramani za rangi zinaeleweka hata na mtu aliyelala saa tatu. Peke yangu, mji wa watu zaidi ya milioni 18, na sikuogopa hata dakika moja.

Na pesa! Wewe unayejisifia M-Pesa, subiri. Kando ya mdomo wa kituo alikaa mama na kikapu cha matunda ya lichi, msimu wake ndio huo, nyekundu, zina majani yake, na mbele ya kikapu kaweka kile kimraba chenye vidoadoa. Nikakipiga picha kwa Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, nikaweka kiasi, na kisanduku kidogo pembeni yake kikatangaza kwa sauti ya juu kwamba pesa imeingia, barabara nzima ikasikia! Nikacheka mpaka na yeye akacheka. Kadi ya benki ya nyumbani inaunganishwa na programu hiyo, fanya kabla hujasafiri, pamoja na laini yenye intaneti inayofanya kazi kule, kwa sababu Google na WhatsApp ulizozizoea hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Hilo ndilo la kujiandaa, mengine yote twende. Lichi zenyewe? Menya, maji yanakumwagikia mpaka kwenye kiwiko, nyama nyeupe baridi tamu yenye harufu ya waridi. Nilizila zote nimesimama palepale, mama akaniongezea mkono mmoja bure.

Barabara ya Beijing nilipita haraka, maduka ni maduka, ila simama pale katikati uangalie chini. Chini ya vioo utaona barabara za kale, tabaka juu ya tabaka, za enzi za Tang, Song, Ming na kuendelea, ziligunduliwa mwaka 2002 walipokuwa wanatengeneza njia. Watu wanakula aiskrimu juu ya miaka elfu. Haya, twende.

Maana sasa nafika Yide! Barabara ya Yide, andika mahali, andika mkononi. Mwanzo nilikwenda kwa sababu ya kanisa. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, mawe matupu ya granaiti kutoka chini hadi nchani, lilijengwa kuanzia 1863 hadi 1888, minara miwili iliyochongoka inapanda mbinguni katikati ya vibanda vya vifaa vya sherehe na midoli. Ndani kuna ubaridi na mwanga wa vioo vya rangi umelala sakafuni. Zuri, zuri sana. Lakini si hilo! Nilipotoka nikanusa bahari. Nikafuata pua. Jamani! Maduka, maduka, maduka ya vitu vya baharini vilivyokaushwa, mtaa mzima, magunia yamefunguliwa midomo, mitungi ya kioo hadi darini, kamba wakavu wa ukubwa wa kila namna, chaza, ngisi bapa waliotundikwa, na harufu nzito, kali, ya chumvi, iliyonishika kooni ikanirudisha pwani moja kwa moja.

Na kwenye mtungi mmoja, nani? Jongoo bahari! Mweusi, mkavu, ana miiba, kapangwa kwa heshima zote, bei yake ukiiona utakaa chini. Yule yule anayekanyagwa kwenye maji mafupi, ambaye sisi hatumtii mdomoni hata kwa fimbo! Wazamiaji wa Zanzibar na wa kusini mwa pwani ya Kenya wanamvua, anachemshwa, anakaushwa, anauzwa kwa tajiri, na tunaachwa tunaulizana anakwenda kufanya nini. Anakuja hapa! Analowekwa siku kadhaa, anavimba, anapikwa kwenye karamu za harusi na za mwaka mpya. Na bado! Nageuka duka la pili, naona mapande makubwa ya manjano, yanapitisha mwanga, yamefungwa kwa utepe mwekundu. Mabondo! Watu wa Mwanza, mnanisikia? Mabondo ya samaki, na ya sangara wa Ziwa Victoria huja huku huku, kule Kirumba mtu anayapima kwa mzani mdogo akiwa na sura ya mfua dhahabu, hapa kina mama wanayachagua moja moja wakiyainua juani. Wanapika supu yake kwa mzazi aliyejifungua, na kwa ajili ya ngozi, na kwa kila kitu. Mwenye duka akanipikia kipande? Hapana, akanipa tu nikishike. Kigumu, laini, chepesi, kinang'aa. Nilitoa simu nikamwonyesha ramani, nikaweka kidole kwenye ziwa letu. Akaangalia ziwa, akaangalia mabondo, akaniangalia mimi, akaita mke wake kutoka nyuma aje anione! Tulipiga picha sita.

Hapo mvua ikashuka. Si manyunyu, ni mvua! Na hapa ndipo nilipowapenda wajenzi wa zamani wa mji huu kwa roho yote, kwa sababu nyumba zao za kale zimetanguliza ghorofa mbele juu ya nguzo, na chini yake watu wanapita kwenye baraza ndefu isiyokatika, nyumba hadi nyumba, mtaa mzima. Nilitembea mbali sana na sikulowa! Njiani kibanda cha dawa, masufuria ya shaba yanayong'aa, watu wanachukua kikombe wanagida kisha wanaendelea na safari. Nikataka na mimi. Ni chai ya mitishamba, ya kupoza mwili wakati wa joto, nyeusi tii. Weee! Ni chungu kama mwarobaini uliochemshwa mara mbili! Nilitoa machozi. Muuzaji, kwa huruma, akanipa pipi ya tangawizi. Na nusu saa baadaye joto lilikuwa limeniachia kabisa, mwili mwepesi, nikarudi nikaongeza kingine. Usinihukumu.

Shamian ni kisiwa kidogo tu kando ya mto, walikokuwa wanakaa Waingereza na Wafaransa baada ya vita vya kasumba, majumba ya zamani, vivuli, maharusi wanapigwa picha kila kona. Kuzuri, kumetulia, kaa robo saa upumzishe miguu. Mimi sikukaa, nilikuwa na miadi na Bruce Lee!

Ndiyo, wewe uliyekulia kwenye vibanda vya video, uliyevunja kitanda cha mama yako kwa teke la kuruka, kaa mkao! Kwenye vichochoro vya Yongqingfang, mtaa wa zamani uliofanyiwa ukarabati, ipo nyumba ya ukoo wake, nyumba ya baba yake, Lee Hoi-chuen, aliyekuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni. Bruce mwenyewe alizaliwa San Francisco mwaka 1940 na akakulia Hong Kong, lakini nyumba ya baba ndiyo hii. Matofali ya kijivu, milango yenye fito nene za mbao za kulala zinazosukumwa pembeni, ua mdogo, sanamu yake kakunja ngumi. Nilikunja na mimi. Baba wa makamo aliyekuwa nyuma yangu akakunja na yeye. Mtoto wake akatoa ule mlio, unaujua, "waaatah!", na wote waliokuwa uani wakaangua kicheko. Hatua chache kutoka pale nikaketi na bakuli la maziwa yaliyogandishwa kwa mvuke, meupe pe, juu yana ngozi nyembamba inayokunjika ukigusa kijiko, hayana sukari ya kukera, yanashuka kooni yenyewe. Bakuli moja, halafu la pili. Hesabu inaishia hapo kwa heshima yangu.

Na bado! Jua likazama, na mimi nikiwa nadhani siku imeisha, kumbe Guangzhou ndiyo kwanza inavaa. Nilipanda treni hadi uwanja wa Huacheng, nikatoka chini ya ardhi kwa ngazi za umeme, na taratibu, ngazi zikinipandisha, maghorofa yakaanza kutokeza, moja, mawili, kumi, yote yanawaka, yanabadilika rangi, samaki wanaogelea kwenye kuta za vioo, maua yanachanua juu ya ghorofa hamsini! Pembeni imelala nyumba ya opera aliyoibuni Zaha Hadid, imejikunja kijivu, haina kona unayoitegemea, unaizunguka na kila hatua ni jengo jingine. Ng'ambo ya mto umesimama Mnara wa Canton, mita 600, mwembamba, umejinyonga kiunoni, umewaka upinde wa mvua kutoka miguuni hadi kichwani. Upo tangu 2010. Niliukodolea macho mpaka shingo ikalia.

Sasa sikiliza ushauri wangu, maana kila mtu atakwambia panda juu, kuna vibanda vya kioo vinavyozunguka kileleni. Vipo. Lakini ukiwa juu ya mnara, mnara wenyewe huuoni! Siku ya kwanza nenda kwenye daraja la Haixin, la watu wa miguu tu, hakuna gari, hakuna pikipiki, limefunguliwa 2021, limepinda juu ya Mto Lulu kwa madaha makubwa. Simama katikati. Upepo wa mto unakupiga, mashua zenye taa zinapita chini ya miguu yako, mnara upande mmoja, mji upande mwingine, wapenzi wamejaa, mabibi wanapeperusha vipepeo vya karatasi, wanafunzi wanaimba. Na ukishuka, kule kwenye vibaraza vya kando ya mto, kina mama! Makumi ya kina mama, mistari imenyooka, spika kubwa chini, wanacheza! Mikono juu, zunguka, rudi, hatua mbili kushoto. Nilijipanga mstari wa mwisho. Mama wa mbele akanigeukia, akanirekebisha bega, akaendelea. Nimecheza nyimbo nne, jasho linachuruzika, na sijapata kuwa na raha namna ile katika mji nisikomjua mtu.

Njaa ikanirudisha Xiaobei, mtaa wenye watu wetu, na kabla sijavuka barabara nikasikia, "Dada, mambo vipi, umekuja lini?" Kiswahili hicho, saa nne ya usiku! Nikaketi na kaka mmoja mfanyabiashara wa Dar, samaki wa kuchoma katikati, pilipili ya kutosha, nikamwaga hadithi yangu yote kwa pumzi moja, bibi wa danadana, vikapu, mabondo, Bruce Lee, daraja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka samaki chini. Akaniambia anakuja Guangzhou miaka mingi, anazijua ghala zote, anajua bei ya kila zipu, na kati ya hivyo vyote alikuwa amekiona kimoja tu, mnara, tena kwa mbali, kupitia dirisha la teksi. "Daraja hilo liko wapi?" akaniuliza. Nikamchorea kwenye karatasi ya kufungia chakula.

Kwa hiyo wewe, rafiki yangu, kama una safari ya mzigo mwaka huu, au kama huna mzigo wowote ila una viza na shauku, ndege zipo, kutoka Nairobi na Addis Ababa unafika bila kubadilisha tena. Vaa raba zilizozoeana na miguu yako, beba mwavuli na karatasi za chooni, unganisha kadi na Alipay ukiwa bado nyumbani. Orodha ya bidhaa ifungie kwenye begi hadi kesho yake. Kisha uamke mapema uende Yuexiu. Hapana kiingilio, na wale wa danadana hawamkatai mtu.